Sababu ya Kuacha Msafara

Setsuyo Kuramochi alihesabu watu kabla kiongozi wa msafara hajawahesabu. Kumi na saba. Akahesabu tena kuanzia nyuma ya basi, akapata kumi na saba, ndipo akakubali kukaa.

"Wote wapo," alimwambia Bi. Nabeshima, kiongozi mwenyewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anapanda ngazi ya basi, kibendera cha manjano kwapani.

"Asante, Bi. Kuramochi. Lakini hiyo ni kazi yangu."

"Najua. Nimekupunguzia."

Kwenye kiti cha mbele yake aligeuka Mzee Todoroki, fundi wa lifti mstaafu wa miaka sabini na minne, ambaye tangu jana hakuwa na kazi nyingine ila kumtania. "Dada, wewe umelipa nauli au umeajiriwa?"

"Nimelipa. Na wewe umelipia kuchungulia mambo ya watu?"

"Hiyo naipata bure."

Ulikuwa msafara wa watu wanaosafiri peke yao. Siku tatu mkoani Fukui: kutengeneza karatasi, kula tambi za soba kwa figili iliyokunwa, kukaa kimya hekaluni mbele ya ukuta. Kila mtu alipewa viti viwili na chumba chake, na haikuwa adabu kumuuliza mwenzako kwa nini hakuja na mtu. Kiti cha pili cha Setsuyo kilikaliwa na mkoba wake, na juu ya mkoba ililala simu, kioo kikitazama juu. Aliitazama kila basi lilipokata kona. Lilipokuwa halikati kona, aliitazama vilevile.

Hakuichagua safari hii. Ilikuwa zawadi ya binti yake, Kanae. Zawadi ya mtu anayekupa mwavuli ili uondoke nyumbani kwake.

Kanae alikuwa na mimba ya miezi tisa. Kwao, binti akikaribia kujifungua hurudi kwa mama yake. Setsuyo alirudi kwa mama yake, na mama yake alirudi kwa mama yake pia. Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu chumba cha juu nyumbani kwake Takasaki kilikuwa tayari, godoro limeanikwa juani mara sita, maharage mekundu ya wali wa sherehe yamenunuliwa. Kisha Kanae akapiga simu.

"Mama, nitazaa hukuhuku Omiya. Shuhei amechukua likizo."

"Likizo ya mwanamume ndiyo itakayokupikia uji?"

"Itapika. Na mama, siku yenyewe usije. Nitakuita baadaye, mimi mwenyewe. Niahidi."

"Nimekukosea nini?"

Kanae akasema, "Soksi." Neno hilo moja tu.

Setsuyo alizikumbuka. Miaka miwili nyuma Kanae alipoteza mimba ya miezi mitano. Setsuyo alipanda treni ya kwanza, akafika kwenye nyumba yao kabla binti hajaruhusiwa kutoka hospitali, akafua, akapiga deki, akapika supu ya siku nne. Kulikuwa na soksi mbili ndogo za sufi alizokuwa akifuma Kanae juu ya kabati, moja imekamilika, nyingine bado iko kwenye sindano. Ilikuwa Jumanne, siku ya kukusanywa takataka za kuchomwa. Alizitia kwenye mfuko wa takataka pamoja na maganda ya karoti. Kisichotumika kinatupwa, ili macho yasikione. Aliona hiyo ni huruma. Kanae aliporudi alitazama juu ya kabati, akasema asante kwa supu, akaenda kulala. Miaka miwili hakuzitaja.

Basi aliahidi. Naye alikuwa mtu wa ahadi: miaka thelathini na miwili katika jiko la shule, watoto mia sita, na hakuna siku hata moja chakula cha mchana kilichelewa. Lakini ahadi hii ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwenye daftari lake dogo, nyuma ya orodha ya dawa za presha, alikuwa amenakili saa za treni zote za kutoka Fukui mpaka Omiya. Alijiambia ni kwa tahadhari tu.

Saa nne asubuhi walishushwa kwenye karakana ya karatasi. Mwanamke mwenye mikono myekundu kwa baridi aliwaonyesha jinsi ya kuzamisha fremu katika maji mazito ya nyuzi za mforosadi, kuinua, kutikisa. Setsuyo alikuwa wa kwanza mezani. Alitaka karatasi moja nzuri, ya kuandikia jina la mtoto siku ya saba na kulibandika ukutani. Alizamisha, akainua, akatikisa.

"Taratibu, mama," yule mwanamke alimwambia. "Yaache maji yaondoke yenyewe. Karatasi haifukuzwi."

"Yanachelewa."

"Hayachelewi. Ndiyo mwendo wake."

Simu ilitetemeka mfukoni. Mkono wa Setsuyo uliruka, fremu ikainama, na karatasi ikatoboka katikati, tundu la ukubwa wa jani la chai. Hakulijali. Alikuwa anasoma ujumbe wa mkwewe, Shuhei.

*Uchungu umeanza alfajiri. Chupa imepasuka sasa hivi, tuko hospitali. Kanae anasema usiwe na wasiwasi, endelea na safari. Anasema pia: umeahidi.*

"Habari mbaya?" Mzee Todoroki aliuliza.

"Binti yangu anazaa."

"Hiyo si habari mbaya. Mbona umekunja uso kama aliyelamba ndimu?"

Setsuyo alikwisha kumfuata Bi. Nabeshima, aliyekuwa anagawa taulo. "Naacha msafara. Mchana basi linapita kituo cha Fukui. Nishushe hapo."

Bi. Nabeshima hakushangaa. Miaka ishirini ya kuongoza misafara ilikuwa imemmalizia mshangao wote. Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi moja na kalamu. "Inawezekana. Jaza hii tu. Ofisini hawanielewi nikirudi na watu pungufu bila fomu."

Wakati wa mchana basi lilisimama mbele ya kituo kwa dakika kumi na tano ili watu wanunue vyakula vyao vya boksi. Treni ya kwenda Omiya ilikuwa saa saba kasoro dakika tatu. Setsuyo alikaa na fomu gotini. Jina, aliandika. Anwani, aliandika. Saa ya kuondoka, aliandika. Nauli haitarudishwa, alitia tiki. Halafu kikafuata kisanduku cha mwisho: *Sababu ya kuacha msafara.*

Kalamu ilisimama.

"Watu wengi huandika *dharura ya nyumbani*," Bi. Nabeshima alimwambia, akitupa jicho kwenye saa yake. "Inatosha."

"Dharura ni jambo usilolitarajia. Hili nimelitarajia miezi tisa."

"Basi andika *nahitajika nyumbani*."

Setsuyo aliisogeza kalamu kwenye karatasi. *Nahitajika.* Alikuwa mkali, alikuwa na pupa, majirani walimwita sufuria ya mvuke. Lakini hakuwahi kuandika uongo na kuutia sahihi. Hata kule jikoni, siku wali ulipoungua, aliandika kwenye kitabu: wali umeungua, kosa langu. Je, alihitajika? Mkwewe alikuwepo. Wakunga walikuwepo. Na mwenye tumbo alikuwa amesema kwa mdomo wake, na leo tena kwa mdomo wa mumewe.

Hata hivyo uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nani angemwambia Kanae apumue kwa pua? Nani angejua kwamba anapoumwa hataki kushikwa mgongo, anataka kushikwa kisigino, tangu akiwa na miaka minne? Shuhei asingejua. Na kama mambo yangekwenda kombo kama mara ile?

Aliandika: *Nataka*

Nataka nini? Kumsaidia? Siku ile ya soksi pia alitaka kumsaidia. Angekuwa na fomu siku ile, angejaza kisanduku hiki bila hata kukaa chini. Alilitazama neno. Lilikuwa la kweli, na ndilo pekee la kweli alilokuwa nalo, wala halikumhusu Kanae. Lilimhusu yeye.

"Dada!" Mzee Todoroki alipanda na maboksi mawili. "Nimekununulia la nyama ya kaa. Mtu hawezi kuwa bibi na njaa tumboni. Unashuka au hushuki? Dereva anauliza."

Upande wa pili wa kioo, ngazi za umeme zilikuwa zinawapandisha watu kuelekea treni. Zilibaki dakika sita. Mawazoni miguu ya Setsuyo ilikuwa imekwisha kushuka. Kilichobaki kitini ni mwili tu. Alishika mkono wa kiti cha mbele, akaushika kwa nguvu hata vidole vikawa vyeupe.

"Sishuki," alisema. "Mwambie aondoe gari upesi, kabla sijabadili nia."

Boksi la kaa hakuligusa. Alimrudishia Mzee Todoroki, naye akalila bila kubembelezwa.

Hekaluni waliombwa kutia simu zote katika kikapu cha mianzi mlangoni. Setsuyo aliitia ya mwisho, akaigeuza kioo juu, akafika nusu ya ukumbi, akarudi kuhakikisha haikuegemea upande. Mtawa aliyewapokea, mwanamume mnene mwenye miwani, alimtazama akirudi.

Walikaa juu ya mito ya duara, nyuso ukutani, kengele ikalia. Dakika arobaini. Ukuta ulikuwa wa mbao, na ndani ya mbao kulikuwa na fundo lenye umbo la sikio. Setsuyo alihesabu pumzi kama walivyofundishwa, moja mpaka kumi, lakini alipofika nne alikuwa anahesabu uchungu: kila dakika tano, kila dakika tatu. Sasa yuko sentimita ngapi. Sasa amepelekwa chumba cha kuzalia. Kisigino, Shuhei, kisigino. Magoti yaliwaka moto. Nyuma yake alisikia nyayo za mtawa zikipita taratibu, fimbo bapa mkononi. Walikuwa wameambiwa: akili yako ikikutoroka, kutanisha viganja, utapigwa begani.

Alikutanisha viganja.

Fimbo iligusa bega la kulia kwanza, kumjulisha, kisha ikashuka. Pa! Ilisikika ukumbi mzima. Haikuuma kama alivyotumaini. Mtawa alipozunguka tena, akakutanisha viganja tena. Pa! Na mara ya tatu. Mara ya tatu mtawa aliinama karibu na sikio lake.

"Mama, fimbo haitauondoa wasiwasi."

"Utaondoka lini?"

"Kengele ikilia," mtawa alinong'ona. "Au isilie. Kaa tu."

Akakaa. Hakutulia, asisingiziwe, alichemka kama birika tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini alichemka akiwa amekaa.

Kengele ilipolia alikuwa wa kwanza kwenye kikapu. Kulikuwa na simu nne ambazo hazikupokelewa, zote za Shuhei. Alipiga akiwa amevaa kiatu kimoja.

"Mama." Haikuwa sauti ya Shuhei. Ilikuwa sauti ya Kanae, imekauka kama ya mtu aliyeshangilia mpira siku nzima. "Ni msichana. Kilo tatu kasoro kidogo. Ana vidole vyote, nimehesabu mara mbili."

"Ungehesabu mara tatu." Setsuyo aliegemea nguzo. "Wewe je?"

"Nimeshonwa kidogo. Uko wapi?"

"Fukui."

"Kweli?"

"Kweli. Nimepigwa fimbo tatu."

"Mpe simu mtu mwingine."

"Nini?"

"Mpe mtu mwingine, mama."

Setsuyo alimpa Mzee Todoroki, aliyekuwa amesimama pembeni akijifanya anafunga kamba za viatu. "Haloo? Ndiyo, Fukui, mwanangu. Ndiyo, yupo hapa tangu jana, ametuchosha. Hongera sana." Akairudisha.

"Nilikuwa na uhakika uko kwenye korido," Kanae alisema. "Nilimtuma Shuhei atoke aangalie. Mara tatu."

"Sikuwepo."

"Ndiyo. Hukuwepo."

Setsuyo hakuweza kujua kama ndani ya neno hilo kulikuwa na shukrani au kulikuwa na mtoto mdogo aliyeachwa mlangoni mwa shule. Alitaka kuuliza. Alitaka pia kuuliza kuhusu kisigino, na kama mtoto amenyonya, na kama kuna mtu amekwisha kupika wali wa maharage. Alijiuma ulimi.

"Njoo Jumatano," Kanae alisema. "Jumatano, mama, si kesho. Na usilete godoro."

"Nina karatasi. Ya jina. Imetoboka katikati."

"Usiitupe," Kanae alisema.

"Sitaitupa."

Nje, watu walikuwa wanapanda basi. Bi. Nabeshima alinyoosha mkono mlangoni. "Ile fomu, Bi. Kuramochi. Kama huitumii nirudishie, nimebakiwa na chache."

Setsuyo aliitoa mkobani. Bi. Nabeshima alisoma mpaka kisanduku cha mwisho. "*Nataka*," alisoma kwa sauti. "Unataka nini?"

"Kukaa. Nipishe."

Alikaa kwenye kiti chake, akaweka viganja chini ya mapaja, akavikalia. Bi. Nabeshima alipita katikati ya viti akihesabu kwa kibendera. Alifika nyuma, akarudi mbele, akahesabu tena.

"Kumi na sita," alisema. "Mbona kumi na sita?"

Setsuyo alijua. Alimwona Mzee Todoroki kwa macho yake akikata kona kuelekea chooni, taulo begani. Neno lilipanda mpaka kwenye meno. Alitazama dirishani, akavikalia viganja kwa uzito wake wote, na akamwacha Bi. Nabeshima ahesabu mara ya tatu.