Jino la Filipo

Loisi alikuwa amechoka kuona vidole vya watu kinywani mwa mwanawe. Kila asubuhi, hata uji haujachemka, Bwana Daktari wa Kijerumani alikuwa amekwisha kuinama kuingia ndani ya tembe, nyumba yao ya udongo, kidole amekiosha kwa dawa inayonuka kuliko zizi. Nyuma yake alikuja Mwalimu Yoramu wa misheni, Biblia kwapani, akingoja zamu. Wote wawili walipapasa ufizi wa Filipo, mtoto wa miezi saba, kisha wakatoka wakitikisa vichwa. Bado.

Ubishi huo ulianza mwaka ule reli ilipokuwa inaikaribia Dodoma. Daktari alikuja pande za Chamwino kupima vichwa vya watu, akaona Wagogo wengi hawana meno mawili ya mbele ya chini. Alifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe. Akatangaza kwamba binadamu ametokana na mnyama, kwamba anaendelea kugeuka polepole, na kwamba hapa Ugogo ameanza kugeukia mdomoni.

“Bwana, haya yaling'olewa,” Loisi alimwambia, akimwonyesha pengo lake. “Kwa chuma. Nililia siku mbili. Tunang'oa ili mtu akiugua akakaza taya, pawe na mwanya wa kumnywesha uji.”

“Ndiyo,” Daktari alisema kwa upole, huku akiandika. “Na mnayang'oa kwa nini? Kwa sababu hayahitajiki. Baada ya vizazi vyote hivyo mwili umechoka kuyaotesha. Mtoto wako ataanza na ya juu. Ya chini hayatakuja kabisa.”

“Uongo!” Mwalimu Yoramu aliruka. “Mungu alimuumba Adamu na meno yote! Bila ya chini angeling'ataje lile tunda? Na mbuzi je, asiye na meno ya mbele ya juu, naye anageuka nini? Mzungu?”

Yoramu mwenyewe alikuwa na pengo kubwa kuliko la wote, na kila neno lilitoka na mate. Wakawekeana masharti mbele ya kijiji. Ya chini yakitangulia, Daktari atapiga magoti kanisani. Ya juu yakitangulia, Yoramu ataibandua picha ya Adamu na Hawa ukutani. Mabwana wakubwa wawili, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza mama wa mtoto.

Maana mtoto anayeanza na meno ya juu ana jina lake, kigego, na kigego ni mkosi: huua jamaa, hufukuza mvua. Zamani hakulelewa. Alipelekwa porini, na waliompeleka walirudi bila yeye. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imepiga marufuku, lakini serikali hailali ndani ya tembe. Ndani ya tembe alilala Bibi Sechelela, mama mkwe wake, ambaye hakubatizwa wala hakutaka kusikia habari hizo. Gideoni, mume wa Loisi, alikuwa mbali akijenga reli.

Alhamisi jioni Filipo alikuwa ananyonya, akamng'ata. Loisi akaingiza kidole. Juu.

Kesho yake aliwaambia mabwana kwamba mtoto ana homa, asiguswe hadi Jumapili, nao kwa mara ya kwanza wakakubaliana jambo. Alimbeba Filipo mgongoni, uso kaufunika. Hakumwomba Mungu muujiza mkubwa, aliomba jino la chini.

Jumamosi alitoka kuchota maji mara moja tu. Aliporudi alimkuta Bibi Sechelela amempakata mtoto, anamtekenya, na Filipo anacheka kinywa wazi kabisa. Bibi alimrudishia mtoto, akaenda kupepeta mtama. Usiku huo Loisi alifunga kifurushi cha kukimbia nacho.

Alfajiri aligusa tena. Chini yalikuwa yamechomoza mawili.

Baada ya ibada Daktari alifungua kinywa cha Filipo mbele ya watu wote. “Juu moja, chini mawili!” alilia. “Yapi yalitangulia?”

Yoramu alimnyooshea Loisi Biblia. Loisi alimpenda Mungu, si kwa kuigiza. Aliweka mkono juu ya kitabu, akamwomba radhi kimoyomoyo, akasema, “Ya chini.”

“Haleluya!” Yoramu alipaza sauti.

“Mama ni Mkristo,” Daktari alisema. “Sayansi inataka shahidi wa pili, asiye wa kanisa.”

Hapo Bibi Sechelela, aliyekuja kanisani siku hiyo kwa ajili ya jino tu, akainuka na fimbo yake. Loisi akamkumbatia mtoto, akiutazama mlango.

“Niliyagusa kwa kidole changu,” bibi alisema. “Ya chini. Naapa kwa kaburi la mume wangu.”

Daktari aliandika kwa makini: mashahidi wawili, dini mbili, jibu moja, jambo limethibitishwa kisayansi. Kisha akapiga magoti, akiwa ametandika karatasi zake asichafue suruali.

Nyumbani Loisi alikifungua kile kifurushi.

“Mama, uliliona la juu.”

“Nililiona.” Bibi alikuwa anakoroga uji, hakugeuka. “Gideoni alikuwa na kaka yake. Nami waliniuliza yapi yalitangulia. Nikasema kweli.”

Akaweka mwiko chini, akanyoosha mikono apewe mjukuu wake.