Mluzi wa Baba na Mwanga wa Daktari Goreti

Tulipohamia Chiola kutoka kanda ya ziwa, baba yangu, Mzee Lubasha, alijua kila kitu kuhusu ng'ombe na hakujua chochote kuhusu korosho. Ng'ombe wetu walipenda kuingia kwenye mikorosho ya jirani yetu Modest kula mabibo, matunda laini ya mkorosho, yaliyoanguka, na kila mara Baba aliwarudisha kwa mluzi mmoja. Siku moja akataka kujua wanafuata utamu gani. Akala bibo, kisha, kwa kuwa si mtu wa kuacha kazi nusu, akapasua korosho mbichi kwa meno.

Wenyeji wote, pamoja na kuku wao, wanajua kwamba ganda bichi lina mafuta yanayounguza. Kesho yake midomo ya Baba ilikuwa imeutangulia uso wake, na ndani mlikuwa na vidonda vitupu. Mluzi ukafa.

Nilirudi likizo fupi kutoka shule ya bweni nikakuta familia msibani. Kama msomi wa kidato cha tatu, nilijitolea kupiga mluzi mimi. Diwani, dume linaloongoza kundi, alinitazama jinsi walimu wangu wanavyonitazama, akaendelea kula.

Modest akaja. "Baba Luhende, wakiingia kwangu tena, naita mwenyekiti wa kijiji. Mtatafuta pa kuhamia."

Tukapanda bodaboda hadi hospitali ya misheni. Daktari Goreti, wa meno, alituvisha wote miwani myeusi. Baba, na fimbo yake na shuka begani, akawa kama mwanamuziki aliyekimbiwa na bendi. Daktari akawasha kifaa cha leza, chembamba kama kalamu, akamulika kidonda kimoja baada ya kingine.

"Mwanga huu unapunguza maumivu, mzee, na unasaidia vidonda vifunge. Utarudi kumulikwa tena."

"Mbona hauumi?" Baba akauliza kwa taabu. "Nichome sindano."

"Usipouma ndiyo vizuri, mzee."

Daktari alipokwenda kunawa mikono, nilimnong'oneza Baba, kwa uzito wote wa elimu yangu, kwamba mgonjwa akitumia mdomo kabla dawa haijaingia, mwanga wote unatoka. Nilitaka tu safari isiyo na hotuba. Niliipata.

Tulipofika nyumbani, Diwani alikuwa ameshakanyaga mpaka wa Modest, kundi zima nyuma yake. Mama alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Modest alisimama chini ya mkorosho, simu mkononi, akitafuta namba ya mwenyekiti.

"Baba Luhende, piga mluzi," Mama akasema.

Baba akafunika mdomo kwa kiganja. Hakuwa tayari kupoteza mwanga.

Kichwani niliona tayari vyungu vyetu juu ya lori la kuhama. Nikautazama mkono wangu wa kushoto kwa makini.

"Baba, muda umetimia. Dawa imeingia."

Akakaza midomo. Hakukunja uso. Mluzi ulitoka mwembamba, wenye mikwaruzo, lakini wa kwake. Diwani akainua kichwa, akamaliza kwanza bibo lake, maana cheo ni cheo, kisha akageuka. Wengine wakamfuata.

Modest akairudisha simu mfukoni. "Kumbe mdomo umerudi. Basi ufanye kazi hiyo tu, jirani. Korosho zangu uniachie."

Baba akacheka. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza juu na chini.

"Luhende," akasema, "hiyo saa uliyoitazama iko wapi?"