Msaidizi wa Mwanachama

Barua pepe ya shirika la ndege ilinifikia wiki tatu kabla ya safari. Kichwa chake kilisema mabadiliko ya utaratibu wa launji kwa wanachama. Sikuifungua. Mimi ni mtu wa kujisikia, nakiri mapema ili tusisumbuane, na mtu mwenye kadi ya dhahabu hasomi matangazo ya kadi. Anaitoa tu mfukoni.

Kadi yenyewe niliipata kwa kuuza pampu za maji. Miaka sita nimeruka huku na huku na katalogi kwenye begi, nikalala hoteli zenye visabuni vidogo, na starehe yangu ilikuwa launji: viti vipana, chai ya kujimiminia, huku wengine wamebanana kwenye mabenchi ya chuma. Mwanachama aliruhusiwa kuingia na wageni wawili. Nimeshaingiza wateja humo, nimeshaingiza hata mtu niliyejuana naye kwenye foleni dakika kumi kabla. Kaka yangu sikuwahi kumwingiza, maana hakuwahi kupanda ndege.

Safari hii alikuwa anapanda. Binti yangu wa pekee anaolewa, mama yake hayupo tena duniani, washenga wao walishaleta barua kwetu, na sasa ilikuwa zamu yetu kwenda ukweni kujitambulisha. Msemaji wetu alikuwa kaka, na asingekuwa mwingine. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa darasa la tatu, yeye ana miaka kumi na minane. Aliacha masomo akaenda kujifunza kutengeneza sofa ili mimi niendelee na yangu. Mtaani wanamwita Fundi. Binti yangu anamwita baba mkubwa, na jambo likimshinda humpigia yeye kabla ya kunipigia mimi.

Baba wa kijana anayemwoa ana duka la vifaa vya ujenzi, na alikuwa anarudi kwao kwa ndege hiyohiyo. Alinipigia simu siku mbili kabla. "Mkwe, tukutane launji," akasema. "Tunywe chai na kaka yako, tujuane kabla ya shughuli ya kesho yake." Nikamwambia hakuna shida. Kaka nilikuwa nikimsimulia launji wiki hiyo nzima, mpaka akaniuliza kama na ndege zinapita humo au ni kula tu.

Asubuhi ya safari alikuja amevaa koti lake la kijivu, limenyooshwa mpaka linang'aa mikunjo, na viatu alivyovipiga rangi mwenyewe. Tukafika mlango wa launji. Nikatoa kadi kwa madaha, nikaiweka mezani pa mapokezi. Dada wa mapokezi akaipitisha kwenye mashine, akatabasamu, kisha akamtazama kaka.

"Mzee ana kadi yake?"

"Huyo ni mgeni wangu," nikasema.

"Samahani. Kuanzia tarehe moja wageni hawaruhusiwi. Mwanachama anaingia peke yake. Mlitumiwa barua pepe."

Nikasema ni kaka yangu. Akasema kwenye mfumo wao ndugu naye anahesabika mgeni. Nyuma yetu foleni ilishaanza kuhema. Dada wa watu, nadhani alinihurumia, akainama kidogo akasema kuna nafasi moja tu: mwanachama mwenye tatizo la kiafya anaweza kuingia na msaidizi wake. Awe mtu wake wa kazi, wa kumbebea mizigo na kumhudumia, avae beji muda wote.

Ningeweza kugeuka pale. Ningempigia mkwe nimwambie launji imetushinda, tuko nje kwenye mabenchi, njoo utusalimie. Angekuja, ni mtu mwema. Lakini nilikuwa nimejigamba wiki nzima, na watu wa foleni walikuwa wananitazama kisogoni.

"Basi huyu ndiye msaidizi wangu," nikasema. "Mimi nina mgongo."

Dada akanitazama, akamtazama kaka. "Si umesema ni kaka yako?"

"Namwita kaka kwa heshima tu. Ni mtu wangu wa kazi."

Akamgeukia yeye. "Ni kweli, mzee?"

Kaka alinitazama. Hakukunja uso, alinitazama tu kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akainama, akachukua begi langu, akalitundika begani juu ya lile koti. "Ndiyo, binti," akasema. "Niko naye siku nyingi."

Wakambandika beji ya kijani kifuani. MSAIDIZI, herufi kubwa. Mimi nikaingia nikichechemea, na mgongo wala hauchechemeshi mtu. Mwenye mgongo kwa kweli ni yeye, wa miaka arobaini ya kuinamia sofa za watu, naye ndiye alikuwa amebeba begi la katalogi.

Ndani nilijaribu kucheka. Nikamwambia ni mambo ya karatasi tu, tukishakaa tumeshasahau. Akasema sawa. Aliketi pembeni ya kiti, akabonyeza mto kwa dole gumba, akapitisha kidole kwenye mshono. "Sponji hii wamepunjwa," akasema. "Mwakani itakuwa imelala chini." Nikafurahi, nikadhani yamekwisha. Nikamwambia avue ile beji. Akanionyesha kwa kidevu: dada wa mapokezi alikuwa anatutazama kupitia kioo. "Nikivua watatutoa wote," akasema. "Ngoja nikuletee chai, mgonjwa." Hilo la mgonjwa alilisema kwa utani, na ndiyo mara ya mwisho alinitania siku hiyo.

Alipokuwa kwenye birika, mkwe akatokea. Mtu mnene, mchangamfu, akanikumbatia mpaka nikasahau mgongo wangu wa uongo. Akaketi na sahani ya keki. Akauliza habari za nyumbani, za kazi, za binti. Kisha akaangaza huku na huku.

"Na mkubwa wetu yuko wapi? Kaka yako?"

Kaka alikuwa hatua tatu nyuma yake, na vikombe viwili mkononi na beji kifuani. Alikuwa amesikia, kwa sababu alisimama. Ametengeneza uso wa kusalimia, ule uso wake wa siku za shughuli.

Nimelifikiria hilo mara nyingi, na kila nikilifikiria najipatia sababu mpya. Niliona nitalazimika kueleza beji, nieleze na mgongo, mkwe ajue kwamba nimemgeuza kaka yangu mchukuzi ili nisionekane nimekataliwa mlangoni. Niliona aibu. Nikaikimbia kwa kuingia kwenye kubwa zaidi.

"Hakuweza kusafiri," nikasema. "Amepata dharura."

"Pole. Nilitamani sana kumwona."

Kaka akasogea. Uso wa kusalimia alikuwa ameshauweka mahali pengine. Akanitengea kikombe, akakigeuza ili mkono wake uwe upande wangu wa kulia. "Chai yako, bosi." Kikombe cha pili, kilichokuwa chake, akamtengea mkwe. Mkwe akamshukuru kwa adabu, akala kipande cha mwisho cha keki, kisha akamkabidhi sahani tupu. "Nisaidie hiyo, mzee wangu." Kaka akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo. Hakurudi kukaa. Alisimama ukutani, karibu na begi, mpaka tulipoitwa.

Kwenye ndege viti vyetu vilikuwa pamoja. Mara yake ya kwanza angani, nilikuwa nimemwekea dirisha. Hakutazama nje hata kidogo. Nikasema, "Kaka, nisamehe, nilibanwa." Akasema, "Najua ulibanwa." Kilometa nyingi baadaye akaongeza, kwa sauti ya kupanga kazi za kesho, "Utakwenda peke yako. Umeshasema sikusafiri."

"Nitarekebisha."

"Utarekebishaje? Nimeshapokea sahani yake. Kesho nikaingie kwake nimwambie mimi ndiye baba mkubwa?" Akanigeukia. "Na siku ya harusi je? Hilo umelifikiria?"

Sikuwa nimelifikiria.

Tulipofika alipanga chumba kwenye nyumba ya wageni, mimi cha pili yake. Asubuhi aliyapiga pasi maneno yangu, yaani alinikalisha kitandani akanifundisha nitakachosema ukweni: nianze na shukrani, nisimsifie binti kupita kiasi, nisitaje pampu. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, nalo halikuvaliwa.

Sebule ya mkwe ilikuwa imepangwa vizuri. Walikuwepo yeye na mkewe, kijana mwenyewe, na binti yangu, ambaye anafanya kazi katika mji huohuo. Viti viwili vilikuwa vimewekwa mbele kwa ajili yetu. Mkwe alikiondoa kimoja.

"Mbona unakiondoa, baba?" binti yangu akauliza. "Baba mkubwa yuko wapi?"

"Si hakusafiri," mkwe akasema.

"Amesafiri. Jana jioni nimeongea naye, ameniambia wamefika salama." Akanigeukia. "Baba, yuko wapi?"

Mkwe akabaki ameshika mgongo wa kiti. Hakunishambulia. Alikuwa anataka kunielewa tu. Na uongo wa pili ulikuwa umeshakaa mdomoni tayari, mzuri, wa kuaminika: kaka alifuata na ndege ya jioni, ila ameamka na homa. Ningeusema tungeendelea vizuri tu. Tungepanga tarehe, tungekula. Na binti yangu angeolewa bila baba yake mkubwa kukanyaga pale, maana angekanyaga vipi na mkwe ameshamjua kwa beji? Ningetafuta homa nyingine ya siku ya harusi, na nyingine ya siku atakapojifungua.

"Ulimwona jana," nikamwambia mkwe. "Ulimpa sahani."

Hakuelewa mara moja. Nikaeleza. Nilieleza kila kitu, kadi, barua pepe niliyoidharau, mgongo, beji, na hata lile neno, mtu wangu wa kazi. Sikutazama upande wa binti yangu. Nilipomaliza nilisikia kikombe kikiwekwa chini, na mama wa kijana akasema polepole, "Mungu wangu." Mkwe alikuwa ameshika kichwa. "Nikampa sahani," akasema. "Mkubwa wa watu, nikampa sahani yangu."

Kisha akasimama, akachukua funguo za gari, akamuuliza binti yangu kama anaijua nyumba ya wageni tuliyofikia. Na mimi nikasimama.

"Hapana, baba," binti yangu akasema. "Wewe kaa."

Nilikaa kwenye kona karibu saa nzima. Mama wa kijana alinimiminia chai bila kunitazama, kijana akajifanya anarekebisha pazia. Nilitamani kutoka nikatembee barabarani nisirudi, ila ningetokaje.

Wakarudi. Kaka aliingia mbele, amevaa koti lake. Mkwe alimkokotea kiti mwenyewe, akasubiri mpaka ameketi ndipo naye akaketi. Binti yangu alikaa chini, miguuni pa baba yake mkubwa, na wote wakamgeukia msemaji wetu. Mimi nilikuwa bado kwenye kona. Niliona ni haki yangu kubaki kwenye kona.

Kaka akakohoa kidogo. Akashukuru kwa kupokelewa. Akasema kwamba kabla ya lolote ni vyema awatambulishe waliofuatana naye, ndivyo inavyofanyika kwa watu wanaoheshimiana. Akaninyooshea mkono, akanionyesha kiti cha pili kilichokuwa tupu kando yake, akangoja mpaka nimetoka kule konani na kuketi.

"Huyu," akasema, "ni mdogo wangu."