Kitabu cha Vipimo Mbele ya Kamati

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilichokuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Mwamapalala. Nilisimamia pia maktaba ya shule. Ilikuwa stoo ya majembe ambayo mimi na wanafunzi tuliipaka chokaa. Ilikuwa na vitabu mia moja arobaini na sita. Nilikuwa nimeviomba kwa barua kwa miaka minne, na vilikuwa na miezi mitatu tu rafuni.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, Mwalimu Mkuu Anatoli aliniita ofisini.

"Mwalimu Domitila, kile kitabu cha vipimo kitoe rafuni."

"Kina kosa gani?"

"Januarius amelalamika. Kamati inakaa Ijumaa. Ikikubaliana naye, maktaba itafungwa mpaka vitabu vyote vikaguliwe."

"Nani atavikagua?"

"Wilaya."

"Lini?"

Alianza kupanga chaki mezani. Nilijua maana yake. Maktaba ikifungwa, nisingeiona ikifunguliwa tena.

Januarius alikuwa wakala wa kampuni ya kununua pamba. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua, wakulima wetu walikuwa na mahali pawili pa kuuzia: ghala la chama cha msingi cha ushirika, na mizani ya Januarius iliyoning'inia kwenye nguzo kando ya barabara. Alikuwa ameahidi kuipa shule mabati ishirini. Darasa la tatu halikuwa na paa, kwa hiyo ahadi hiyo ilikuwa nzito. Kisha wanafunzi wawili wa darasa la sita walimuuliza, mbele ya wauzaji, kama mizani yake imewahi kupimwa kwa maji. Walikuwa wamesoma jambo hilo katika kitabu cha vipimo.

Ijumaa asubuhi nilikutana na Mzee Ndaki langoni. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na pia katibu wa chama cha msingi. Alinisalimu kwa Kisukuma, akiwa na furaha kubwa.

"Mwangaluka, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi. Kitabu hakitoki. Huyo mfanyabiashara leo tutamsikia vizuri."

Niliingia katika darasa lililokuwa na kikao nikiwa na moyo mwepesi. Wazazi walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Januarius alisimama wa kwanza.

"Kitabu hiki kinawafundisha watoto kuwadharau watu wazima," alisema. "Kikibaki, mabati yangu nitayapeleka shule nyingine."

Wazazi walinung'unika. Mwalimu Mkuu aliniinamia. "Ni kitabu kimoja tu, Mwalimu. Mvua zikianza, watoto watanyeshewa."

Nilisimama. Kitabu kilikuwa mkononi mwangu.

"Bwana Januarius, umesoma ukurasa gani?"

"Nimeelezwa."

"Na wajumbe wa kamati? Nani amekisoma?"

Hakuna mkono ulioinuliwa. Hata Mzee Ndaki alitazama dari.

"Basi tunataka kufunga maktaba kwa ajili ya kitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Naomba nisome ukurasa mmoja. Mkiona ubaya, mseme ni neno gani."

"Soma, Mwalimu," alisema Mzee Ndaki. "Soma kwa sauti, hasa hapo penye mizani."

Nilisoma. Maelezo yalikuwa mafupi. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Pima kwanza chombo kitupu. Mimina maji kwa kipimo unachokiamini, ukihesabu lita. Pima tena. Toa uzito wa chombo. Linganisha.

Kisha Nyanjige, mama mmoja mlimaji wa pamba ambaye kila mtu alimjua kwa ulimi wake, aliuliza kutoka nyuma:

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimi nilidhani kuna matusi. Sasa maji yapo kisimani na mizani ipo barabarani. Tumekaa humu tunangoja nini?"

Darasa zima lilisimama kwa pamoja. Mzee Ndaki alikuwa wa kwanza mlangoni, jambo la ajabu kwa mtu wa umri wake. Januarius alibaki karibu yangu. Kola ya shati lake ilikuwa imelowa jasho.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "mimi mwenyewe sijui kama iko sawa. Nilikabidhiwa Bariadi, nikaja nayo. Sijawahi kuijaribu."

"Ndiyo sababu ya malalamiko yako?"

"Ndiyo."

"Basi twende ukajue."

Kule barabarani, mwenye duka mmoja alileta kopo lake la lita moja la kupimia mafuta ya taa, limeoshwa kwa sabuni mara mbili. Nyanjige alileta ndoo. Tuliipima tupu: kilo moja kamili. Kisha maji yakaanza kumiminwa, na umati ukahesabu kwa Kisukuma, imo, ibili, idatu, sauti ikipanda kila kopo. Watu waliokuwa wakipita na mikokoteni ya ng'ombe walisimama kuhesabu nasi bila kujua kinachohesabiwa. Kopo la ishirini lilipoingia, nilikuwa nimekishika kitabu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mtoto.

Vijana wawili waliinua ndoo, wakaitundika kwenye ndoano. Mshale ulishuka, ukapita, ukarudi, ukatulia.

"Ishirini na moja," alisoma Mwalimu Mkuu. Akavua miwani, akasoma tena. "Kilo ishirini na moja. Mizani iko sawa."

Vigelegele vilipigwa. Januarius alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mmeona? Mmeona wenyewe? Mwalimu, kitabu kikae. Kikae hapohapo. Naomba na mimi nipate kimoja nikitundike hapa."

"Na mabati?" aliuliza Nyanjige.

"Yatakuja."

"Vizuri. Basi ndoo hiyo msiimwage. Tunakwenda nayo kwenye ghala la chama."

Vicheko vilikatika. Wote walimgeukia Mzee Ndaki. Furaha ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni.

"Kwanza, ghala limefungwa," alisema. "Mwenye funguo yuko Bariadi, atarudi kesho. Pili, kikao hakijaahirishwa. Mimi kama mwenyekiti naona kuna haja ya kuangalia tena. Mambo ya mizani ni mazito kwa watoto. Labda kitabu kikae ofisini kwa muda."

Sikuamini masikio yangu. Mtu niliyemtegemea alikuwa anasema maneno ya yule niliyemwogopa.

"Mwenyekiti," nilisema, "neno gani katika ukurasa ule ni baya?"

"Sikusema ni baya."

"Saa moja iliyopita uliniambia nisome kwa sauti."

"Saa moja iliyopita tulikuwa tunazungumzia mizani nyingine," alidakia Nyanjige, na watu wakaangua kicheko.

"Mzee Ndaki," niliendelea, "kama kitabu kitafungiwa kila mara kinapomkaribia mtu, hakuna kitakachobaki rafuni. Nilimkatalia Bwana Januarius. Nakukatalia na wewe. Naomba kura, hapahapa."

Alitazama umati. Hapakuwa na mlango wa kutokea.

"Wanaotaka kitabu kibaki," alisema polepole.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Mwalimu Mkuu Anatoli. Hakunitazama, lakini aliunyoosha mpaka juu. Wajumbe wengine saba walimfuata. Mzee Ndaki peke yake aliacha mikono mfukoni. Nilimwomba Mwalimu Mkuu aandike uamuzi kwenye kumbukumbu kabla mtu yeyote hajaondoka. Aliandika amesimama, daftari likiwa juu ya mgongo wa kijana mmoja.

Nilirudi maktaba karibu nikikimbia. Nilipofungua, nilikuta watu wamenifuata mpaka mlangoni. Nyanjige alikuwa mbele. Nyuma yake alisimama Mzee Ndaki.

"Mwalimu," alisema, "naomba kuazima kile kitabu. Kwa leo tu. Nataka nijue hesabu ya maji kabla mwenye funguo hajarudi na mizani yetu haijapimwa."

"Mimi nimetangulia," alisema Nyanjige. "Sikusoma elimu ya watu wazima ili nipitwe kwenye foleni."

Nilifungua daftari la kuazima. Lilikuwa na safu ya jina na safu ya darasa. Hakuna sheria iliyowataja wazazi, na hakuna iliyowakataza. Niliandika: Nyanjige, mzazi.

"Siku saba, mayu."

"Siku saba ni nyingi." Alikiweka kitabu kwapani, akamgeukia mwenyekiti. "Baba, njoo kwangu jioni nikusomee. Utaketi kimya, na ukitaka nirudie, nitarudia."

Mzee Ndaki alisugua kidevu chake.

"Huo ukurasa wa maji sikuusikiliza vizuri. Ni mrefu?"

"Mfupi," nilisema.

"Basi nitakuja," alimwambia Nyanjige, kisha akaniinamia. "Andika jina langu chini ya lake, Mwalimu. Akirudisha, ni zamu yangu."

Nililiandika.