Yuniti za Dobi

Bili ya umeme ilipenyezwa chini ya mlango saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, wakati mjane wa dobi akichambua mchele. Akavaa miwani, akasoma: yuniti mia tatu na kumi na mbili. Nyumba nzima ilikuwa na redio, jokofu dogo lenye kikohozi, na taa mbili, moja yao imeungua tangu mwaka juzi.

Mita ilikuwa ukutani barazani, ya zamani, ile yenye kisahani kinachozunguka nyuma ya kioo. Msoma mita alikuwa na mitaa kumi na miwili na jozi moja ya viatu, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi alikaa kwenye kibanda cha chai akajaza fomu kwa makadirio. Makadirio nayo yalikuwa na utaratibu wake. Nyumba ambayo mita yake haikusomwa iliandikiwa kile ilichowahi kutumia, kutoka faili lolote litakalopatikana. Safari hii faili lililopatikana la nyumba hii lilikuwa la miaka thelathini na moja nyuma, dobi alipokuwa hai na pasi ikishinda na moto kutwa nzima.

Mjane akaenda ofisini. Karani alimsikiliza huku anatafuna mfuniko wa kalamu.

"Mama, mita haidanganyi. Ukiona mia tatu na kumi na mbili, ujue kuna mtu anazitumia humo ndani."

"Naishi peke yangu, mwanangu."

"Basi rudi ukamtafute."

Akarudi, akamtafuta, akamkuta. Dobi alikuwa chumba cha mbele, fulana imemganda mgongoni kwa jasho, anapiga pasi shuka za hoteli ambayo ilishabomolewa. Alikuwa amezikwa miaka ishirini na tisa nyuma, na saruji ya kaburi mjane ndiye aliyeinunua.

"Umekawia, mama watoto," alisema dobi bila kuinua macho. "Maji ya kunyunyizia yamekwisha."

Mjane akaweka mkoba, akaenda kujaza chupa. Barazani kisahani kilikuwa kinazunguka mbio. Ofisi ilikuwa imeandika deni kwanza, na nyumba, ambayo haijawahi kumdhulumu mtu, ilikuwa inalitimiza.

Yuniti zote hizo hazikuwa za pasi peke yake. Redio ilianza kutangaza matokeo ya timu zilizovunjwa zamani. Taa iliyoungua ikawaka, na chini yake akaketi bintiye, miaka minane, soksi moja imeteremka, anafanya hesabu. Harufu ya wanga na mvuke ikarudi kwenye mapazia. Mjane alikuwa amesahau kwamba nyumba yake iliwahi kunuka hivyo, na ule mlio wa pasi inapowekwa juu ya kibao chake, ta, halafu kimya kidogo, halafu ta. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akapika sufuria kubwa.

Jumapili yule bintiye, miaka thelathini na tisa, alipiga simu kutoka nchi ya mbali alikoolewa.

"Mama, nani huyo anahesabu kwa sauti?"

"Ni wewe. Kuzidisha kwa saba kunakushinda."

"Bado tu?"

"Bado."

"Baba yupo?"

"Yupo, ila ameelemewa na shuka za watu."

"Basi usimsumbue. Msalimie."

"Zitafika."

Jirani yao, mwalimu mstaafu, hakuwa na bahati hiyo. Yeye aliandikiwa yuniti za mashine ya kusaga iliyosimama pale kabla nyumba yake haijajengwa. Ilikuwa inanguruma kati ya kitanda na kabati, na chai yake ilikuwa na unga. Mwalimu akazunguka mtaa mzima na karatasi ya malalamiko, akapata watu tisa. Ofisi ilitaka kumi. Wakitimia, mkaguzi atatoka na kusoma mita zote upya.

Siku ya mwisho ya kupokea malalamiko wakaenda wote, mjane awe wa kumi. Mjane akasimama mbele ya karani, mwalimu nyuma yake na nyusi nyeupe kwa unga.

"Weka sahihi hapa, mama," alisema karani. "Utaandikiwa kama mtu mmoja mwenye taa moja."

"Na hao wengine wa nyumbani?"

"Makadirio ya zamani yote yanafutwa."

Mjane akaishika kalamu mpaka ikapata joto. Kisha akairudisha.

"Niandikie kwamba mimi sina malalamiko."

"Jirani," alisema mwalimu taratibu, "wewe ukiikubali bili yako, sisi tuseme nini?"

"Nisamehe, mwalimu. Nimemwacha ana shuka mezani."

Mwalimu akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Karani akagonga muhuri.

Notisi ya kukatiwa umeme ilitoa siku kumi na nne. Mjane akaanza kupita mlango kwa mlango akiomba nguo za kupiga pasi, na watu wakampa, maana mikunjo ya dobi yule hakuna aliyewahi kuisahau. Karani mwenyewe akaleta mashati sita. Siku ya kumi na nne mjane alihesabu walichopata, akakipeleka kaunta, akarudi na risiti na mkoba mtupu.

"Baba watoto," alisema, "chote kimekwenda kwenye umeme. Tunaifanyia kazi ofisi."

Dobi akalijaribu joto la pasi kwa kidole kilicholowa mate.

"Hata nilipokuwa hai ilikuwa hivyo hivyo," alisema. "Nipe hilo la mikono mirefu."

Akampa.