Pengo la Ukurasa wa Tatu

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, mwaka wa 1948, Agneta alifungua duka la kuchapisha la Mathenge pale Kitale, akafagia vipande vya karatasi, akateleka chai kwa jiko. Kazi yake ilikuwa kukunja magazeti. Alipoinua kichwa akaona bwanake, Wekoye, ameketi kwa benchi ya wateja, kofia kwa magoti. Shamba alikoandikwa kazi lilikuwa mbali, na siku yake ya kupumzika ilikuwa bado.

"Umekula?" Agneta akauliza.

"Sili siku hizi. Ukuta wa ghala uliniangukia Alhamisi."

Agneta akatazama chini. Viatu vya Wekoye vilikuwa vimejaa udongo mbichi, lakini sakafu ilikuwa safi vile alivyoifagia.

"Wamekuzika wapi?"

"Nyuma ya zizi. Halafu wakaandikia chifu barua, ati nimetoroka kazi."

Kesho yake Agneta akapanda basi mpaka Kabuchai kumwambia babamkwe. Mzee Wepukhulu alimsikiliza akiwa amempa mgongo, vile heshima ya mkwe inataka. Kwao, mtu akizikwa, siku ya tatu watu wa nyumba hunyolewa nywele, na msemaji husimama kueleza marehemu alikuwa nani. Bila hiyo, marehemu hukaa njiani.

"Barua ya chifu inasema mtoto yangu ametoroka," mzee akasema. "Mtu ametoroka hatuwezi nyoa juu yake. Kama amekufa, si gazeti itasema?"

Agneta akarudi na maneno hayo kwa Mathenge. Mathenge alikuwa mtu wa roho nzuri. Alimpa Wekoye mkono, akamwambia pole bana, kisha akapangusa ule mkono kwa suruali kwa sababu ya baridi. Halafu akatoa mapatano ya Chama cha Wenye Magazeti kwa droo.

Chama ndicho kilikuwa kinagawa karatasi tangu wakati wa vita. Asiye mwanachama hakupata hata ya kufungia sukari. Mathenge alibisha mlango wa chama miaka mitatu ndipo akakubaliwa. Namba tisa ya mapatano ilisema kifo cha shambani hakichapishwi mpaka mwenye shamba atie sahihi. Wenye mashamba ndio walikuwa wanalipia matangazo.

"Nikiandika huyu, wiki ijayo sina karatasi," Mathenge akasema. "Na wewe huna kazi."

"Na yeye?"

Mathenge akamwangalia Wekoye, akasoma namba tisa tena.

"Hapa wamekataza maneno," akasema. "Pengo hawajakataza."

Ijumaa gazeti likatoka. Ukurasa wa tatu, mahali pa vifo, kulikuwa na pengo jeupe kama kiganja, limezungushiwa mstari mweusi.

Kabuchai, Mzee Wepukhulu akafunguliwa gazeti mlangoni mwa kanisa. Akaona pengo, akaenda kumwita mwenye wembe. Lakini jirani yake pia alikuwa na barua ya chifu, mtoto ametoroka. Mama mmoja ng'ambo ya mto pia alikuwa nayo. Kila mzazi aliangalia lile pengo akaona linamtosha wake. Kufika Jumapili, nyumba arobaini na moja zilikuwa zimenyolewa, na wembe umeisha makali.

Jumatatu benchi ikajaa, wengine wakachuchumaa ukutani. Mmoja alikuwa amekufa mwaka wa 1931, akaomba msamaha kwa kuchelewa.

"Si watu wenu wamenyolewa?" Agneta akamuuliza bwanake. "Mbona hujaenda?"

"Msemaji alisimama, lakini pengo ni moja na halina jina, hakujua amtaje nani. Tukiitwa, tunaitwa sote pamoja. Tunasukumana tu pale njia panda, hakuna anayepita."

Katibu wa chama akaja na motokaa. Akapita katikati yao akisema nipishe, nipishe. Akamwambia Mathenge kwamba pengo sasa limekatazwa, mahali hapo patawekwa tangazo la sabuni. Na kwa sababu wageni kama hawa walikuwa wameanza kuonekana kwa wanachama wengine, chama kitanunulia kila gazeti benchi moja zaidi. Mathenge akatia sahihi.

Benchi ya pili ilifika Jumatano. Alhamisi akaja askari Kiptanui na orodha ya watoro.

"Wekoye wa Wepukhulu!"

"Niko," Wekoye akasema, akasimama.

Kiptanui akamwangalia toka kichwani hadi miguuni, akalamba penseli, akaandika: hajapatikana. Akaita wa pili. Wa pili akasema niko. Hajapatikana. Akaendelea hivyo mpaka wa arobaini na moja, sauti ikamkauka, akaomba maji. Wekoye akasogea, akamwachia nafasi. Askari akaketi kati yao, akapumzisha miguu.

"Sasa mama," akamwambia Agneta, akimrudishia kikombe, "siku utamwona bwana yako, uje utupigie ripoti."

"Sawa," Agneta akasema, akaendelea kukunja.