Njia ya Mkato ya Kwenda Bondeni

Mzee aliendesha malori ya masafa marefu karibu maisha yake yote. Likizo za shule alimchukua binti yake safarini, na kwa kuwa kazi ya kuweka mawe nyuma ya tairi kila waliposimama mlimani ilikuwa ya binti huyo, akamwita Utingo. Jina likaganda. Hata sasa, mtu mzima mwenye mume na kazi ya kukata vioo kwenye duka la miwani, nyumbani aliitwa hivyo hivyo, na mumewe naye alilidaka jina hilo tangu siku za uchumba.

Kumbukumbu zilianza kumtoka Mzee baada ya mkewe kufariki. Mwanzoni aliweka funguo ndani ya friji, wakacheka. Kisha akaanza kuuliza mkewe ameenda wapi na mbona harudi, na hapo hakuna aliyecheka tena. Utingo akamleta aishi nao ghorofa ya tatu. Mchana, wakati yeye na mumewe wako kazini, wifi yake, dada wa mumewe, alishinda na Mzee.

Sebuleni palikuwa na gemu. Utingo na mumewe walikuwa wakiicheza tangu kabla ya ndoa: ile aina ambayo unajitengenezea mtu wako mwenyewe, unampa silaha na ujuzi, kisha unamzungusha katika nchi kubwa akitafuta kazi na kupigana na majoka. Walipenda kubishana ni sehemu gani ya nchi ile iliyo nzuri kuliko zote. Mumewe, fundi umeme, alishikilia jiji lililochimbwa ndani ya mlima, lenye taa maelfu, akisema yeyote aliyesambaza nyaya mle anastahili kuongezewa mshahara. Utingo alipenda nyika za theluji, kwa sababu kule husikii kitu isipokuwa nyayo zako.

Mzee alikaa nao akitazama, mpaka jioni moja akanyoosha mkono kuomba rimoti. Vita hakuvitaka. Mbwa mwitu wakitokea alimrudishia Utingo rimoti na kumwambia awatoe hao mbwa barabarani. Alichotaka ni safari. Alipanda farasi wake akaenda taratibu, upande wake wa barabara, akipunguza mwendo kwenye kona, mpaka akalifikia bonde ambalo wao wawili hawakuwahi kulijali. Lilikuwa na ukungu, matete, kinu cha maji kilichozunguka polepole, na nyumba moja yenye taa dirishani. Mwanamke alisimama mlangoni. Ukimkaribia anakukaribisha ndani, basi. Hana kazi ya kukupa wala kitu cha kukuuzia. Mzee angeweza kusimama pale saa nzima.

Njia ya kwenda bondeni ilikuwa ndefu, ya kuzunguka mlima. Lakini siku moja farasi alikosea hatua kwenye daraja la mawe lililokuwa juu kabisa, Mzee akatumbukia. Utingo alidhani mtu wao amekufa. Hakufa. Aliangukia kwenye maji ya kina, akaibukia kwenye matete, na mbele yake kinu kikizunguka. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo hakuizunguka tena ile njia. Alifika darajani, akashuka kwenye farasi, akapanda ukingo, akaruka. Wifi alikuwa akisema kwamba kila akiuona ule mruko hufumba macho.

Kisha siku moja umeme ulikatika mchana. Runinga ikazima Mzee akiwa katikati ya safari. Alikikazia macho kile kioo cheusi, akauliza bonde limeenda wapi. Wifi akamtuliza, akamwambia umeme ukirudi atafika tu, kisha akapanda juu ya paa kuanika nguo. Aliposhuka alikuta mlango uko wazi.

Utingo alikuwa ameinamia mashine, kioo cha mteja kikizunguka chini ya vidole vyake, simu ilipolia. Wifi hakusalimia.

"Mzee hayupo," alisema. "Amevaa koti lake la kazi na viatu. Nimezunguka jengo lote."

Utingo alimuuliza kama alisema neno lolote kabla ya kuondoka.

"Aliniuliza daraja liko wapi. Nikamwambia liko mbele huko, Mzee. Mimi nilidhani anaongelea lile la kwenye gemu."

Kioo kilimtoka mikononi kikavunjika sakafuni, naye hata hakukiangalia. Alimwona baba yake wazi, kama vile runinga ilikuwa mbele yake: anafika, anapanda ukingo, haangalii nyuma. Bosi wake alimuuliza kulikoni. Utingo alichukua mkoba, akatoka na aproni yake ya kazi.

Alimpigia mumewe huku anakimbia. Mji wao ulikuwa na madaraja matatu. Mumewe alikuwa kwenye jengo karibu na reli, kwa hiyo akachukua daraja la reli. Wifi akabaki kuulizia mitaa ya nyumbani. Utingo akaelekea daraja la barabara kuu, ambalo ndilo refu kuliko yote, na ndilo ambalo dereva wa malori angelifikiria kwanza.

Njiani aliuliza kila aliyekutana naye. Mfupi, koti la kijani, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Fundi viatu alisema amemwona, muuza magazeti akasema hapana, mwingine akasema wazee wenye makoti ni wengi. Kitu kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba baba yake hakuwa mtu wa kusitasita. Maisha yake yote alisifiwa kwa hilo.

Alipolikaribia daraja la barabara kuu aliona umati. Watu walikuwa wamejipanga kwenye vyuma vya pembeni, wameinama, wote wanaangalia chini. Wengine wameshika vichwa.

Alishika nguzo ya taa, akajiambia asogee, na mwili haukusogea. Alitaka mtu amwambie, na hapo hapo alitaka asiambiwe kamwe. Mwishowe alimshika mkono mwanamke aliyekuwa karibu, akamuuliza ni nini kimetokea chini. Mwanamke akamjibu kwamba lori la sabuni limemwaga mzigo, dereva mzima, ila makatoni yametapakaa hadi mtaroni. Utingo aliinama akacheua mate machungu pale pale barabarani. Mwanamke alimpisha, bila shaka akidhani ni mjamzito.

Simu ikalia tena. Ni mumewe: kwenye daraja la reli hakuna mtu, na mlinzi wa pale hajamwona mzee yeyote.

Lilibaki moja, daraja la chuma la waenda kwa miguu, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Chini yake mto ulikuwa mwembamba, wa rangi ya chai, na mawe yamejitokeza kila mahali. Utingo alirukia pikipiki ya kwanza iliyosimama. Dereva aliuliza anaenda wapi hasa. "Twende," alisema, "nitakuelekeza." Alimwelekeza kwa kumpiga mgongoni kwa vidole, kulia, kushoto.

Daraja lilikuwa tupu. Mvuke wa kiwandani ulikuwa umelala juu ya mto, mweupe, mzito, na kwa mara ya kwanza Utingo alielewa ni kwa nini mtu aliyechanganyikiwa angeona hapa ndipo penyewe. Alianza kuvuka. Mbao zililia chini ya miguu yake. Katikati ya daraja, juu ya chuma cha pembeni, lilikuwa koti la kijani, limekunjwa vizuri kama la mtu anayeingia kulala. Chini yake viatu viwili, vimepangwa sambamba.

Hakulia. Alivishika vile viatu. Ndani bado vilikuwa na joto la miguu. Akajilazimisha kuangalia chini. Mvuke ulikuwa ukifunika na kufunua. Alitafuta shati jeupe ambalo baba yake alivaa asubuhi. Aliona jiwe, akaona mfuko wa plastiki, akaona jiwe jingine ambalo kwa muda lilikuwa kichwa cha mtu, kisha likarudi kuwa jiwe. Akaita, "Baba!" Sauti ikapotea kwenye kelele za kiwanda. Akaita tena.

Kutoka ng'ambo, mahali ngazi za daraja zinaposhuka, mwanamke alimjibu kwamba wako huku.

Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu, miguu mitupu, mikono yote miwili imeshika reli ya ngazi kiasi kwamba vidole vimepauka. Pembeni yake alikaa mfanyakazi wa kiwanda, mwanamke mnene mwenye buti za mpira, kamshika kiuno. Alieleza kwamba alikuwa akitoka zamu alipomkuta mzee amepanda chuma, mguu mmoja nje, anatetemeka, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Alimshusha kidogo kidogo, na tangu hapo mzee hajakubali kuachia hiyo reli.

Utingo alipiga magoti mbele yake.

"Nilitaka kuruka," Mzee alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Nikaangalia chini. Nikaogopa."

"Umefanya vizuri kuogopa, baba."

"Mama yako yuko peke yake kule. Taa imewashwa. Ananisubiri mimi, nami naogopa daraja."

Miezi yote ile Utingo alidhani baba yake anapenda kile kinu, au ukungu. Hakuwahi kujiuliza yule mwanamke wa mlangoni ni nani machoni pake. Alimfungua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye ile reli, akamvalisha viatu, akamfunga kamba.

Nyumbani walibishana. Mumewe alitaka gemu yote ifutwe, na runinga ikibidi iuzwe. Wifi alilia, akataka kurudi kwao, wakamsihi abaki. Walibadilisha kitasa cha mlango, na Mzee akavalishwa bangili yenye namba ya simu, ambayo aliisifia kama saa nzuri. Kwa muda runinga ilikaa imefunikwa kitambaa. Lakini Mzee alizunguka chumba hadi chumba akimtafuta mkewe, akagonga kila mlango wa kabati, na Utingo hakuweza kuvumilia. Akakitoa kitambaa.

Alikaa ubavuni mwake akitazama. Alitumaini kwamba ile hofu ya daraja la chuma ingekuwa imembakia. Farasi alifika kwenye daraja la mawe. Mzee akashuka, akapanda ukingo, na bila hata kupumua akaruka, akicheka. Hofu iliyomwokoa alikuwa ameshaisahau. Utingo alitoka akaenda bafuni, akafungua bomba ili wasimsikie.

Tangu hapo, kila usiku kabla ya kuzima, yeye au mumewe humfikisha yule mtu wao mpaka mlangoni kwa mwanamke wa bondeni na kuhifadhi mchezo pale pale, ili Mzee akiwasha asubuhi awe ameshafika, asihitaji barabara wala daraja. Mara nyingi inatosha. Mara nyingine anageuza farasi, kwa sababu dereva ni dereva, na wifi humwita aje amsaidie kuchambua mchele.

Juzi simu ya Utingo ililia kazini, jina la wifi likatokea. Aliweka kioo chini kwanza, kwa mikono miwili, akashika ukingo wa meza ndipo akapokea. Wifi alitaka kujua tu chumvi wameiweka wapi. Utingo akamwambia. Alipokata simu ilibidi akae chini kidogo, na mteja aliyekuwa akisubiri miwani yake akamuuliza kama amepata habari mbaya.